Vitabu vya Tope

Machi 4, Mikumi

Mvua ya kwanza yenye maana imenyesha jana alasiri. Goodhope, mwana wa marehemu mdogo wangu, amepanda juu ya bati kuziba pale pa mwaka jana kwa lami ileile, na patavuja palepale. Nimesogeza kitanda na kupandisha vitabu juu ya kabati.

"Mama mkubwa, hapa Mikumi hakuna mto wa kutufuata ndani," ananiambia kila mwaka.

"Kilosa nako waliniambia tuta halivunjiki," namjibu kila mwaka.

Machi 9, Jumamosi

Leo wasomaji tulikuwa wachache katika chumba chetu cha nyuma ya kanisa. Wengine wamezuiwa na mvua. Daftari hili ni jipya na huenda likasomwa na mtu asiyetujua, kwa hiyo naandika sheria yetu.

Ilizaliwa kwenye mahema ya Kilosa, baada ya mto Mkondoa kuvunja tuta na kuchukua nyumba zetu. Hatukuwa na rafu wala mahali pakavu pa kuweka kitu. Ukimaliza kitabu ulikipeleka moja kwa moja mikononi mwa mtu mwingine, ukimwambia kwa nini yeye. Wengi wetu hatukurudi tena kando ya mto. Mwalimu Bonifas na mimi tulihamia huku, na sheria tukaja nayo. Anayerudisha kitabu husimama, humtaja mtu mmoja, hueleza kwa nini huyo na si mwingine. Aliyetajwa hakatai. Akikimaliza, naye atasimama.

Rafu sasa tunayo, lakini imekaliwa na vitabu vya tope tu, vile tulivyoviokota majini na kuvianika juu ya mahema. Vimejikunja kama majani ya tumbaku na vina harufu ya mto. Havisomwi. Tunavipangusa vumbi Jumamosi ya kwanza ya mwezi, tukinyamaza.

Leo Masunga, aliyekuja huku kutoka Usukumani na ng'ombe wake na sasa analima mpunga na kuendesha bodaboda, amerudisha kitabu cha magonjwa ya mifugo.

"Namtaja Bibi Hildegarda."

"Sina ng'ombe hata mmoja, Masunga," nikamwambia.

"Ndiyo maana, bibi. Mwenye ng'ombe hukisoma kwa hofu. Nataka kisomwe na mtu aliyetulia, aniambie kama ni kizuri kweli au nimekipenda tu kwa kuwa kiliniponyea dume langu."

Mwalimu Bonifas alikuwa na kitabu cha historia. "Hiki ni kitabu muhimu," akasema. "Kila mtu akisome."

"Kila mtu ndiyo nani, Mwalimu?" akauliza Devota, jirani yangu mjamzito, na tumbo lake likatikisika kwa kicheko.

Mwalimu akakasirika kidogo, akamtaja Goodhope, ambaye hata hakuwepo na hajasoma kitu tangu amalize darasa la saba.

Machi 13

Nimemaliza kitabu cha ng'ombe. Masunga hakukosea. Aliyekiandika amewahi kusimama karibu na mtu anayekosea. Anajua mfugaji atachanganya ugonjwa huu na ule, na anamngojea palepale kwenye njia panda. Haogopi kurudia neno. Na kila sura inafika mahali inaposema: hapa usijaribu mwenyewe, mwite daktari wa mifugo leo hii. Nimesoma vitabu vingi vya shule vilivyoandikwa na watu wenye elimu kubwa kuliko huyu, na havikuwahi kunionyesha ujuzi wao unakomea wapi. Kwangu mimi kitabu cha kiada kinachostahili kupendekezwa ni kile kinachokuonyesha ukingo wake.

Kwa riwaya sina kipimo kama hicho. Ninachojua ni kwamba nikiirudia ile ninayoipenda, nikijua kabisa nani atakufa, bado natumaini kwamba safari hii hatakufa.

Machi 14

Mvua. Nimetoa maji ndoo kwa ndoo.

Machi 16, Jumamosi

Nimemtaja Devota.

Anapanga chumba mkabala na chetu na hufua mashuka katika nyumba ya wageni iliyo barabarani. Ni yatima, aliolewa mwaka jana na Peter wa Vidunda, na ujauzito huu ni wa kwanza. Anasoma kama anavyofua, kwa nguvu, akiongea na kitabu. Nimempa riwaya yangu isiyo na jalada, niliyoiokota kwenye behewa enzi zile nilipokuwa karani wa vifurushi stesheni ya Kilosa. Jina lake sikuwahi kulijua. Tunaiita Sikudhani, kwa jina la mwanamke aliyemo.

"Kwa nini Devota?" wakauliza, kama sheria inavyotaka.

"Kwa sababu Sikudhani ana mama mkwe, na Devota ndiye peke yake hapa anayeweza kucheka na mama mkwe bila kumchukia."

Nje, tukijikinga mvua chini ya paa, Mwalimu Bonifas akanisogelea.

"Karani, kile kitabu si ndicho ambacho mwanamke anakufa kwa uzazi?"

"Mwishoni."

"Unampa mjamzito kifo mkononi, kisha mimi ndiye huwa naambiwa sina moyo."

Nilikuwa nimekumbuka vichekesho, nikasahau sura ya kumi na nne.

Machi 17

Baada ya misa nimemwomba Devota kitabu, nikachukua sindano na uzi mweusi, nikazishona kurasa zote kuanzia sura ya kumi na nne.

"Hizi utazisoma ukishajifungua," nikamwambia.

"Bibi, sasa umenitia hamu!"

"Niahidi."

"Naahidi," akasema, huku akiupima uzi kwa kidole.

Machi 25

Lori limeteleza mlimani, barabara ikafungwa mpaka jioni. Devota amefika sura ya sita. Namsikia mpaka chumbani kwangu akimgombeza mume wa Sikudhani.

Aprili 6, Jumamosi

Wageni wa mbugani hawaji msimu wa mvua, kwa hiyo nyumba ya wageni imewapumzisha wafuaji. Peter anavuna maharage kwao Vidunda, juu mlimani, na anataka mkewe awe karibu na mama mkwe. Wanapanda keshokutwa. Devota amekuja kutuaga.

Hapo Mwalimu Bonifas akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya. Akaenda kwenye rafu ya vitabu vya tope, akatoa kimoja kwa mikono miwili. Kilikuwa kitabu cha ukunga cha Imelda, marehemu mkewe, aliyekuwa muuguzi. Imelda aliingia majini mara mbili siku ile ya mafuriko. Mara ya kwanza alitoka na mtoto wa jirani, mara ya pili na mfuko wake wa kazi, na kitabu hicho kilikuwamo. Miezi michache baadaye alifia hemani kwa kichomi.

"Namtaja Devota," akasema Mwalimu, na sauti yake ya darasani ikamkimbia. "Kwa sababu anakwenda mahali pasipo na Imelda."

Masunga alivua kofia.

Nimerudi nyumbani nikijilaumu. Miaka yote nimemdharau kidogo mzee huyu, na kusifia kwake vitabu kwa unene na umri. Leo amependekeza kitabu kama inavyopasa, kwa kumtazama mtu. Mimi nilimpa binti kicheko na kifo, yeye akampa msaada.

Aprili 8

Wameondoka na bodaboda mbili. Vitabu viwili viko ndani ya mfuko wa nailoni, katikati ya kanga na nepi.

Aprili 11

Ujumbe wa simu: "Bibi shkamoo. Mama mkwe wa Sikudhani ni mama Peter mtupu. Nimemsomea, kacheka kuliko mimi. Anasema huyo mwandishi amewahi kulala jikoni kwake."

Nimejibu: "Marahaba. Na uzi?"

"Upo bibi, upo."

Aprili 15

Mvua siku nzima. Peter amepiga kutoka kilima chenye mtandao: wote wazima, miguu ya Devota imevimba lakini kitabu cha Mwalimu kinasema si kitu. Nimempelekea Mwalimu habari hiyo kama zawadi. Alisimama mlangoni akatabasamu, jambo nililolisahau kwamba analiweza.

"Imelda bado yuko kazini," akasema.

Aprili 17

Hakuna mtandao Vidunda.

Aprili 20, Kilosa

Kila mwaka tarehe hii Mwalimu huja Kilosa kusali kwenye kaburi la Imelda, na mimi humsindikiza. Tumefikia kwa dada yake, huko Mabwerebwere. Asubuhi tuliteremka hadi pale zilipokuwa nyumba zetu. Mto umejaa, rangi ya chai ya maziwa, na unapita juu ya mahali palipokuwa jiko langu kana kwamba palikuwa pake siku zote. Mwanamke mmoja amepanda mchicha kwenye msingi wa nyumba ya Mwalimu. Alituamkia, tukaitikia na kupita.

Tulikuwa tunatoka makaburini simu yangu ilipoita. Peter. Kwanza nilisikia mvua tu, kisha mtu anayepumua.

"Bibi, tuko hospitali. Mtoto amekufa."

"Na Devota?"

"Hajaamka. Wamempasua. Amepata kifafa cha mimba njiani. Bibi, kitabu kilisema si kitu."

Mwalimu alikuwa ananitazama, ameshika jembe dogo la kupalilia kaburi. Nilimwambia mtoto amekufa. Yale ya kitabu sikumwambia.

Aprili 22, Mikumi

Devota amefumbua macho leo asubuhi, hospitalini hapa Mikumi. Yuko hai. Nilikaa naye mpaka muda wa wageni kuisha, na Peter na mama yake, Magreth, wakanieleza yote, mmoja akimkatiza mwingine. Naandika kama nilivyosikia.

Jumatatu ya wiki iliyopita Magreth aliutazama uso wa mkwewe asubuhi, akaona umejaa kama wa mtu aliyelia usiku kucha. Vidole vilikuwa vimebana pete. Njia ilikuwa bado inapitika. Akasema, "Tuteremke leo." Devota hakutaka kuwapotezea siku ya mavuno. Akafungua kitabu cha ukunga, akamsomea mkwewe kwa sauti. Kuvimba katika miezi ya mwisho ni jambo la kawaida kwa wajawazito wengi. Apumzike, ainue miguu. Akafunua ukurasa uliofuata, ukawa unaeleza usafi wa matiti.

"Mimi nilisoma mpaka la tatu," Magreth aliniambia. "Nikaona mhuri wa chuo cha wauguzi. Nikaona maandishi yenyewe, meusi. Mimi ni nani nibishane na mhuri? Nikamwinulia miguu juu ya gunia la maharage."

Jumanne mvua ikafunga njia. Jumatano kichwa kikaanza kumuuma Devota. Alijilaza, akachukua Sikudhani, na akaukata uzi wangu kwa meno.

Katika sura ya kumi na nne Sikudhani anamwambia mama mkwe wake kwamba anaona cheche, kana kwamba mtu amechochea kuni zenye unyevu mbele ya macho yake. Anaambiwa ni usingizi. Anarudia. Mumewe anamwambia ni uchovu. Anarudia mara ya tatu, na safari hii hakuna anayemjibu, kwa sababu wanakula. Nimeisoma sura hiyo sijui mara ngapi. Aliyeiandika hakutaja jina la ugonjwa hata mara moja.

Devota alifika hapo wanapoendelea kula, akainua macho, na cheche zilikuwepo, kati yake na ukuta.

"Alipiga ukelele," alisema Magreth. "Akasema, mama, mimi ndiye Sikudhani. Nikajua. Nilikuwa nimemsikia huyo Sikudhani kila jioni, nilikuwa nampenda."

Walimbeba kwa machela ya blanketi na miti, wanaume wa kitongoji kizima wakipokezana, kwenye njia iliyogeuka kuwa mfereji. Walilala kwenye banda la mtu katikati ya mlima, kwa kuwa korongo lilikuwa halivukiki. Walikuwa wanaingia Kidodi, chini ya mlima, alipoanza kutetemeka. Kutoka hapo walipata gari. Mtoto alikuwa wa kike. Mkunga aliwaambia, kwa upole, kwamba wangeteremka siku ya kwanza ya uso kuvimba, yaelekea wote wawili wangekuwa hai.

Magreth alimwosha mjukuu wake mwenyewe. Peter anakunja na kukunjua kofia.

Aprili 24

Devota haoni vizuri. Anaona mwanga na umbo la mtu, uso hauoni. Daktari anasema huenda macho yatarudi. Hakusema lini.

Aprili 27, Jumamosi

Hatukukutana.

Mei 2

Devota aliniuliza kama nimekuja na Sikudhani. Nilikuwa nayo.

"Nisomee mwisho."

"Mwanangu, subiri upate nguvu."

"Bibi, ulishaushona mara moja."

Nikafungua. Kabla sijaanza akauliza, "Anakufa?"

"Anakufa."

"Na mtoto?"

Nilitaka kusema uongo, na sikuuona ambao ungemfaa.

"Mtoto anaishi."

Kitanda cha pili mtu alikuwa anakohoa. "Soma," akasema.

Nikasoma mpaka mwisho, mazishi, na mama mkwe aliyebaki na kichanga akimwonjesha maji ya sukari kwa ncha ya kidole. Devota alilia hapo tu. Nilipofunga kitabu alinishika mkono.

"Huyu mama mkwe hakumsikiliza," akasema. "Wangu alinisikiliza. Mimi ndiye niliyemsomea kitabu akanyamaza."

Mei 3

Nilimwomba Peter kile kitabu cha ukunga. Alinipa kwa ncha za vidole.

Ukurasa ule upo kama walivyosema, wa mia moja na kumi na moja. Sentensi ya mwisho inaishia na nukta, chini kabisa. Ukifunua, namba inayofuata ni mia moja na kumi na nne.

Nimelipapasa jani. Ni nene, na si jani moja. Tope la Mkondoa limeyagandisha mawili, ukingo kwa ukingo, kwa ustadi ambao gundi haiuwezi. Nilipoliinua dirishani niliona kivuli cha maandishi mengine ndani, yamelala kinyumenyume.

Sikuligusa zaidi. Si langu kulifungua.

Mei 4, Jumamosi

Leo ilikuwa siku ya kupangusa vumbi. Pengo la kitabu cha Imelda lilikuwa wazi rafuni. Mwalimu alilipangusa pengo lenyewe.

Mei 9

Mwalimu amekuja kuniuliza habari za Devota. Hajakwenda kumwona hata mara moja. Alikaa ukingoni mwa kiti.

"Watu wanasema ni kitabu changu."

"Watu gani?"

"Masunga ameacha kunitania."

Kitabu kilikuwa juu ya kabati, kimefunikwa na gazeti, juu ya kichwa chake. Nilikuwa na swali moja na nikaliuliza kwa namna ya kuzunguka.

"Mwalimu, sura ile ya miezi ya mwisho ilikuwa inasemaje? Unaikumbuka?"

Akatazama mikono yake. "Imelda ndiye aliyekuwa anakisoma," akasema. "Mimi nilikuwa nakitunza."

Hapo hasira yangu ikaisha, na kilichochukua nafasi yake kilikuwa kizito zaidi. Sote tulimwona Jumamosi ile akikitoa rafuni na tukavua kofia. Hakuna aliyemuuliza kama amekisoma, swali ambalo tungemuuliza hata Masunga kwa kitabu cha ng'ombe. Tulikisifu kwa sababu kilinusurika. Kama kingekuwa kipya kutoka dukani, tungemwambia: Mwalimu, tueleze kuna nini ndani.

Mei 15

Mvua inapungua. Devota ameruhusiwa kutoka. Ameshukia hapahapa, chumba cha mkabala. Magreth amerudi Vidunda kuokoa maharage yaliyobaki.

Mei 18, Jumamosi

Mwalimu hakuja. Masunga aliuliza kama vitabu vya tope vichomwe. Hakuna aliyejibu ndiyo, na hakuna aliyejibu hapana.

Mei 23

Devota ameweza kusoma maandishi makubwa ya kwenye mfuko wa unga. Alisoma kwa sauti, herufi kwa herufi, jina la kampuni na uzito, kisha akakaa.

Nilimwonyesha jani nene. Nilimwongoza kidole chake kwenye ukingo mpaka akaelewa. Nilidhani atalia au atakitupa. Aliuliza tu, "Mwalimu anajua?"

"Hajui."

"Usimwambie. Kitabu ni changu bado. Sijakirudisha."

Juni 1, Jumamosi

Chumba kilijaa. Peter alimshika Devota kiwiko mpaka kwenye benchi la mbele. Mwalimu Bonifas alikuja kwa sababu nilimfuata nyumbani nikamwambia kwamba mtu akirudisha kitabu, aliyekipendekeza lazima awepo. Hiyo si sheria. Niliitunga njiani.

Devota alisimama na vitabu viwili.

"Sikudhani naomba nibaki naye," akasema. "Macho yakirudi nitamsoma mwenyewe, ndipo nitamtaja mtu. Bibi Hildegarda ananisomea vizuri lakini anaruka matusi."

Watu walicheka, na wakashtuka kwamba wamecheka.

Akainua kile cha ukunga.

"Hiki namtaja Mwalimu Bonifas."

Mwalimu aliinua kichwa.

"Naeleza kwa nini yeye na si mwingine. Kwa sababu Mwalimu ana mapenzi na kitabu hiki kuliko mtu yeyote hapa, na hajakisoma. Kuna majani mawili yameshikana. Sijui yanasema nini. Nataka yeye ayafungue, asome, aje asimame hapa atuambie. Mimi nilisoma mpaka pale kitabu kilipotaka. Yeye asome mpaka mwisho."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayempa mwenzake mzigo wake, akihakikisha ameushika kabla hajauachia.

Aliyetajwa hakatai. Mwalimu alisimama, akavuka chumba, akapokea kwa mikono miwili, vilevile alivyokitoa.

"Nimekipokea," akasema.

Juni 5

Nilipita kwake mchana. Alikuwa uani, sufuria ya maji inachemka juu ya mkaa, na kitabu amekishikilia juu ya mvuke, amekigeuza ubavu, kisu cha mezani mkononi. Macho yalikuwa mekundu, na sikuuliza kama ni mvuke. Nikamshikia upande mmoja. Tope lililegea kidogo kidogo, likatoa ile harufu ya mto, na majani yakaachana kwa sauti ndogo kama mtu anayefungua mdomo mkavu.

Hakunisomea, wala sikuchungulia.

Juni 8, Jumamosi

Mwalimu Bonifas alisimama kabla hatujaomba. Alivaa miwani, akasoma kwa sauti ya darasani, bila kutikisika:

"Lakini endapo uvimbe utafika usoni na mikononi, au mama akalalamika kuumwa kichwa, au kuona cheche au ukungu machoni, hii si hali ya kawaida. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Asisubiri asubuhi."

Akafunga kitabu. Ni kitabu kizuri, nilijisemea, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kilijua ukingo wake. Kiliuonyesha kwa maneno ambayo mtoto wa la tatu angeyaelewa. Yalikuwa mle ndani wakati wote tulipokuwa tunakipangusa vumbi.

"Nimekisoma chote," akasema Mwalimu. "Kuna majani mengine yalikuwa yameshikana. Nimeyafungua. Imelda angeniuliza, Bonifas, ulimpa mtu dawa bila kusoma lebo?" Akavua miwani. "Namtaja Magreth wa Vidunda, mama yake Peter. Kwa sababu alisema tuteremke leo, na kitabu changu kikamnyamazisha. Nitampelekea mwenyewe. Nitamsomea."

Devota aliitikia kwa kichwa. Masunga akasema atampeleka kwa pikipiki mpaka njia inapokwisha, "na hapo juu, Mwalimu, utatumia miguu ya historia." Ulikuwa utani wa kwanza kumpa tangu Aprili. Mwalimu aliupokea kama mtu anayepewa maji.

Kisha, bila mtu kuamuru, watu walienda kwenye rafu. Kila mmoja alichukua kitabu kimoja cha tope, akakaa nacho benchini, na kuanza kufuatisha namba za kurasa kwa kidole.

Juni 10

Jua. Goodhope amebandua lami kwenye bati ili apake mpya.

Mwalimu amepita asubuhi, Masunga akimngoja barabarani na pikipiki inanguruma. Kitabu kilikuwa kifuani, ndani ya koti, ingawa hakuna wingu. Alisimama mlangoni kwangu muda mrefu kuliko salamu inavyohitaji.

"Karani, nikifika kwa yule mama, nianze na nini? Pole, au ule ukurasa?"

"Anza na kwamba hukukisoma."

Akafikiri. Akafunga vifungo vya koti, kimoja baada ya kingine, akaenda.